Misukosuko ya nje ikiipiga nchi: jinsi ya kujisomea mwelekeo wa uchumi, hatua kwa hatua, kwa mfano wa Kenya

Vita vikizuka mbali, meli zikibadili njia, au Marekani ikipandisha riba, maswali ya nyumbani huwa yaleyale. Mwenye duka anauliza kama aagize mzigo sasa au asubiri. Mzazi anauliza kama pesa aliyoweka itatosha karo ya muhula ujao. Mwenye akiba kidogo kwenye Sacco anauliza kama aihamishie kwenye dhamana za serikali. Majibu yanayowafikia ni mawili: waziri anasema uchumi uko imara, na mtu wa mtandaoni anasema nchi imefilisika. Yote mawili huyasikia kila mwaka, hali iwe nzuri au mbaya, kwa hiyo hayawasaidii kuamua chochote.

Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kujisomea mwenyewe. Nimechagua Kenya kati ya 2020 na 2025 kwa kuwa katika miaka hiyo ilipata karibu kila aina ya msukosuko: korona, misimu 5 mfululizo ya mvua iliyofeli, vita vya Ukraine, riba ya Marekani kupanda kwa kasi, kisha deni kubwa la dola lililoiva katikati ya hayo yote. Zambia ilishindwa kulipa Novemba 2020, Sri Lanka Aprili na Mei 2022, Ghana ikasimamisha malipo Desemba 2022, na Ethiopia ikafuata Desemba 2023. Kenya ilitajwa mara nyingi kuwa ya zamu inayofuata. Haikufika huko, ingawa ilipita karibu sana.

Nasema mapema ninachoamini, kwa sababu hatua zote zinajengwa juu yake: msukosuko wenyewe mara chache huiangusha nchi. Kinachoumiza ni msukosuko kukutana na tarehe ya kulipa. Bei ya mafuta huja bila taarifa, lakini tarehe za madeni zimeandikwa miaka 10 kabla na yeyote anaweza kuzisoma.

Utahitaji daftari, kikokotoo cha simu na intaneti. Hesabu zote ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Hatua ya 1: Jua msukosuko unaingilia mlango gani

Misukosuko ni mingi, ila milango ya kuingilia ni michache. Kwa nchi kama Kenya ninahesabu minne: bei ya vitu tunavyoagiza, bei ya kukopa nje, dola zinazoingia, na mvua. Ukisikia habari yoyote kubwa, usiulize kwanza kama ni mbaya. Uliza inaingilia wapi, na itachukua muda gani kufika mezani kwako.

Chukua vita vya Ukraine vilivyoanza 24 Februari 2022. Watu walitazama ngano na mafuta ya gari, na hawakukosea, maana vilipanda mara moja. Indonesia nayo ikafunga mauzo ya nje ya mafuta ya mawese mwishoni mwa Aprili hadi Mei mwaka huohuo, na mafuta ya kupikia yakazidi kupanda. Lakini pigo zito zaidi kwa mkulima wa Trans Nzoia au Uasin Gishu lilikuwa mbolea. Mfuko wa DAP wa kilo 50 ulivuka Sh6,000. Aliyepanda mahindi akiwa amepunguza mbolea mwezi Machi hakuona hasara siku hiyo. Aliiona wakati wa kuvuna, miezi kadhaa baadaye, na mnunuzi wa unga Nairobi akaiona baadaye zaidi. Serikali ilipoleta mbolea ya ruzuku kwa Sh3,500, kisha Sh2,500 mwaka 2023, nafuu nayo ilichelewa vivyo hivyo: mtu alipaswa kusubiri msimu.

Ndiyo maana ninashauri uandike mambo matatu kwa kila msukosuko: mlango, muda, na anayelipa kwanza. Kwa mafuta ya petroli muda ni wiki chache na wa kwanza kulipa ni mwenye bodaboda na matatu. Kwa mbolea ni msimu mzima. Kwa riba ya Marekani inaweza kuwa mwaka au zaidi, na wa kwanza kulipa ni Hazina ya Taifa, kisha anayekopa benki. Meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, msafirishaji wa chai na parachichi aliumia kabla hata mteja wa dukani hajasikia habari.

Mvua nimeihesabu ingawa haitoki nje ya nchi, kwa sababu serikali haiiamrishi. Ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 ulipandisha chakula wakati uleule dunia ilipokuwa inapandisha mafuta. Kisha zikaja mvua za El Niño mwishoni mwa 2023 na mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Kwa hiyo kabla ya masika (Machi hadi Mei) na vuli (Oktoba hadi Desemba) soma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, uandike kwenye daftari lilelile la uchumi.

Hatua ya 2: Chora kalenda ya madeni

Hapa tulia. Kama utafanya hatua moja tu ya mwongozo huu, ifanye hii.

Mwezi Juni 2014 Kenya ilikopa kwa mara ya kwanza kwenye soko la dunia kwa kuuza hatifungani za dola (hati za mkopo zenye riba na tarehe ya kulipwa), zile zinazoitwa Yurobondi. Baada ya kuongeza nyingine Desemba mwaka huohuo, sehemu ya miaka 10 ilifika dola bilioni 2, kwa riba ya asilimia 6.875, na mtaji wote, yaani pesa iliyokopwa bila riba, ulipaswa kurudishwa kwa mkupuo Juni 2024. Mtu yeyote aliyesoma masharti hayo mwaka 2014 alijua kwamba Juni 2024 ingekuwa siku nzito. Asichojua ni hali ambayo dunia ingekuwa nayo siku hiyo.

Sasa fanya hesabu ya deni hilohilo kwa shilingi. Mwaka 2014 dola ilikuwa takriban Sh88, kwa hiyo dola bilioni 2 zilikuwa kama Sh176 bilioni. Januari 2022 dola ilikuwa kama Sh113, deni likawa Sh226 bilioni. Mwisho wa Januari 2024 dola ilipogusa Sh160, deni likawa Sh320 bilioni. Hakuna senti mpya iliyokopwa katika hesabu hii. Ni shilingi tu iliyoanguka, na mlipakodi anayepata mshahara kwa shilingi ndiye aliyebeba tofauti.

Ukiangalia mzunguko ulivyojifunga utaelewa miezi ile. Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023. Wenye pesa duniani wakaona hawana haja ya kuhangaika na dhamana za nchi kama Kenya wakati Marekani inalipa vizuri. Kenya ilikuwa na mpango wa kukopa tena kwa Yurobondi katikati ya 2022, ikaacha kwa sababu riba iliyodaiwa ilikuwa juu mno. Kadiri Juni 2024 ilivyokaribia bila jibu la pesa zitatoka wapi, waagizaji na kampuni wakaanza kushikilia dola. Dola zikaadimika, shilingi ikaanguka, na kuanguka kwake kukafanya deni lizidi kuwa kubwa.

Halafu Februari 2024 Kenya ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kuzitumia kununua tena sehemu kubwa ya ile ya 2014. Gharama ilikuwa kubwa: asilimia 10.375 kwa mwaka, dhidi ya 6.875 ya zamani. Lakini soko lilipoona tarehe imeondoka mezani, shilingi ilipanda ndani ya wiki chache, na kutoka Agosti 2024 ikatulia kwenye Sh129. Vita vya Ukraine havikuwa vimekwisha. Riba ya Marekani haikuwa imeshuka hata nukta moja mwezi ule. Kilichobadilika ni kalenda.

Jinsi ya kuchora yako: pata ripoti ya mwaka ya deni la umma ya Hazina ya Taifa, pamoja na mkakati wa madeni ambao hutolewa kila Februari pamoja na taarifa ya sera ya bajeti. Tafuta jedwali la ulipaji. Andika kila malipo makubwa ya mtaji kwa dola na mwaka wake. Kisha rudi nyuma miezi 12 hadi 18 kutoka kila tarehe na uweke alama, kwa kuwa wasiwasi huanzia hapo, siyo siku ya kulipa. Alama zikilundikana ndani ya mwaka mmoja, mwaka huo ndio wa kuangalia kwa makini, hata kama sasa hivi mambo yanaonekana shwari.

Jambo moja zaidi kuhusu kalenda. Kulipa deni la zamani kwa deni jipya hakufuti deni, kunalisogeza. Februari 2025 Kenya ilifanya tena hivyohivyo kwa dola bilioni 1.5 ili kupunguza mzigo wa hatifungani ya 2027. Ni busara ya usimamizi, na mimi ninaiunga mkono, lakini kila kusogeza kuna bei yake na bei hiyo inalipwa kwenye bajeti za miaka ijayo. Tayari zaidi ya theluthi moja ya mapato ya kawaida ya serikali huishia kwenye riba. Pesa hiyo ndiyo ambayo ingelipa walimu na kununua dawa.

Hatua ya 3: Pima akiba ya dola kwa miezi

Kila Ijumaa Benki Kuu ya Kenya hutoa taarifa ya wiki. Humo kuna akiba ya fedha za kigeni, kwa dola na kwa miezi ya kuagiza bidhaa. Miezi ndiyo ya kufuata. Dola bilioni 7 zinasikika nyingi, lakini kwa nchi inayoagiza kama Kenya ni chini ya miezi 4 tu. Lengo la kisheria ni angalau miezi 4, na la Jumuiya ya Afrika Mashariki ni miezi 4.5. Mwanzoni mwa 2024 Kenya ilikuwa chini ya yote mawili. Mwaka 2025 akiba ilivuka dola bilioni 10 na miezi 4.5 ikapitwa.

Usishtuke kwa wiki moja ya kushuka. Huenda serikali imelipa deni lililojulikana. Shtuka ikiwa imeshuka wiki nyingi mfululizo, bei ya dola ya Benki Kuu ikabaki palepale, na wakati huohuo benki na maduka ya kubadilisha fedha yanauza dola kwa bei ya juu zaidi ya ile iliyotangazwa. Pengo la aina hiyo lilionekana wazi Kenya mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2023. Tanzania nayo ilipitia uhaba wa dola 2023 na 2024, ingawa haikuwa na Yurobondi ya kulipa, jambo linaloonyesha kwamba mlango wa dola una njia nyingine pia: ukiagiza zaidi ya unavyouza, na mafuta yakiwa ghali, dola zitaadimika hata bila tarehe ya deni.

Hatua ya 4: Pasua bei ya mafuta

Tarehe 14 ya kila mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, hutangaza bei zitakazotumika kuanzia tarehe 15. Watu husoma mstari mmoja tu, bei ya Nairobi. Wewe shuka chini kwenye tangazo hadi uone gharama ya wastani ya kufikisha mafuta nchini kwa mita moja ya ujazo, kwa dola.

Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Tuchukulie gharama ni dola 700. Gawanya kwa 1,000: ni dola 0.70 kwa lita. Zidisha kwa bei ya dola. Dola ikiwa Sh129, lita imefika Mombasa kwa kama Sh90. Dola ikiwa Sh160, lita hiyohiyo ni Sh112. Tofauti ya Sh22 imeletwa na shilingi peke yake, wala haihusiani na Waarabu wala Warusi. Juu ya hapo weka kodi na tozo, faida ya wauzaji, na gharama ya bomba na usafiri.

Zoezi hili hukusaidia kujua nani wa kuulizwa. Oktoba 2023 lita ya petroli Nairobi ilifika Sh217.36, bei ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana nchini. Sababu zilikuwa tatu kwa pamoja: bei ya dunia ilikuwa imepanda, shilingi ilikuwa inaanguka, na kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilikuwa imepanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai mwaka huo. Mbili za kwanza zinahusu dunia na soko. Ya tatu ilipitishwa bungeni. Vilevile Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Mtu anapokuambia bei imepanda kwa ajili ya vita, chukua tangazo la EPRA la mwezi uliopita na la mwezi huu, linganisha mistari, na utajua ni kwa kiasi gani anasema kweli.

Hapa Kenya ina kinga moja ambayo haisifiwi inavyostahili. Karibu asilimia 40 ya umeme wake hutoka kwenye mvuke wa ardhini, hasa Olkaria, na upepo, maji na jua huongeza sehemu kubwa ya unaobaki. Nchi zinazochoma dizeli kuwasha taa hupigwa mara mbili mafuta yanapopanda.

Hatua ya 5: Soma mfumuko wa bei kwa vipande

Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, hutoa mfumuko wa bei siku ya mwisho ya kazi ya kila mwezi. Lengo la serikali ni asilimia 5, na ruhusa ya kuyumba 2.5 juu au chini. Ulipita asilimia 7.5 Juni 2022, ukafika 9.6 Oktoba 2022, na ukarudi ndani ya mstari Julai 2023. Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.7.

Chakula, nyumba pamoja na maji na nishati, na usafiri huchukua zaidi ya asilimia 57 ya kapu lote la matumizi linalopimwa. Soma hivyo vitatu kwanza. Kama chakula ndicho kinachopanda na mvua inatabiriwa kuwa nzuri, kuna uwezekano wa nafuu ndani ya msimu. Kama kila kitu kinapanda, hata kinyozi na karo, basi msukosuko umeshazama ndani na utachukua muda kutoka.

Kuna makosa mawili ya kawaida ya kusoma. La kwanza ni kudhani mfumuko ukishuka bei zimeshuka. Mfumuko ni kasi ya kupanda; ukitoka 9 hadi 3 bei bado zinapanda, polepole. Unga uliotoka Sh120 hadi Sh200 haurudi Sh120 kwa sababu mfumuko umekuwa asilimia 3. Ndiyo maana mama mboga na gavana wa Benki Kuu wanaweza kusema mambo tofauti na wote wakawa wakweli. La pili ni kudhani mfumuko mdogo ni dalili kwamba hatari imepita. Januari 2024, mwezi shilingi ilipokuwa dhaifu kuliko wakati wowote, mfumuko ulikuwa asilimia 6.9, ndani ya lengo kabisa. Anayefuata mfumuko pekee hakuona kilichokuwa kinakuja.

Hatua ya 6: Fuata riba, halafu uulize nani anakopeshwa

Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu hukutana kila baada ya miezi miwili kupanga riba. Riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 7 hadi Mei 2022. Ilipanda hatua kwa hatua, ikaruka kutoka 10.5 hadi 12.5 Desemba 2023, na kufika 13 Februari 2024. Ilianza kushushwa Agosti 2024, na Juni 2025 ilikuwa 9.75.

Lakini riba inayokugusa zaidi iko kwenye minada ya dhamana za serikali. Mwanzoni mwa 2024 dhamana ya siku 91 ilikuwa inalipa takriban asilimia 16. Februari mwaka huo serikali ilitoa hatifungani ya miundombinu ya miaka 8.5 yenye riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Iliomba Sh70 bilioni na ikachukua Sh240.9 bilioni, na sehemu ya pesa hizo ilitoka kwa wageni walioleta dola. Ilisaidia shilingi. Lakini jiulize: benki ikipata asilimia 18 kwa kuikopesha serikali bila jasho, itamkopesha fundi seremala kwa riba gani? Ndiyo maana miezi ile biashara ndogo zilikosa mikopo au zikalemewa, na mikopo isiyolipika kwenye mabenki ikapita asilimia 16 ya mikopo yote. Dawa iliyoipa nafuu shilingi ilimuumiza mwenye karakana, na mwongozo wowote wa uchumi usiolisema hilo umemsahau mtu muhimu.

Hatua ya 7: Hesabu dola zinazoingia

Chai, maua, mboga, kahawa, nguo, watalii, na pesa zinazotumwa na Wakenya walio nje. Mwaka 2024 hizi za mwisho zilifika karibu dola bilioni 4.95, zikaipita chai kwa mbali. Zaidi ya nusu hutoka Marekani. Huo ni ushupavu na udhaifu kwa pamoja: ndugu zetu wanatuma zaidi nyumbani kukiwa kugumu, lakini ajira na sheria za nchi moja zikibadilika tunatikisika. Kuanzia Januari 2026 Marekani inatoza asilimia 1 kwa pesa taslimu zinazotumwa nje. Anayetuma kupitia akaunti ya benki au kadi hatozwi, na inafaa kumwambia ndugu yako hilo. Ushuru wa Marekani wa asilimia 10 uliotangazwa Aprili 2025 na kuisha kwa muda wa AGOA, mpango wa kuuza Marekani bila ushuru, Septemba 2025 ilikuwa misukosuko ya mlango huuhuu, na viwanda vya nguo vya Athi River ndivyo vilivyokuwa mstari wa mbele.

Benki Kuu hutoa takwimu za pesa za diaspora kila mwezi. Linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliotangulia, kwa sababu Desemba huwa juu kila mwaka.

Hatua ya 8: Angalia kama serikali inaweza kukusanya inachohitaji

Juni 2024 ilifundisha hili kwa uchungu. Kenya ilikuwa imeshalipa sehemu iliyobaki ya Yurobondi, shilingi ilikuwa imetulia, na mfumuko ulikuwa chini. Ukitazama hatua zote zilizopita ungesema dhoruba imepita. Lakini Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na kodi mpya ambazo vijana walizikataa barabarani. Tarehe 25 Juni watu walipoteza maisha, na tarehe 26 rais akakataa kuutia sahihi. Julai Moody's ikaishusha daraja la ukopaji la Kenya hadi Caa1; Agosti S&P na Fitch nazo zikashusha hadi B-. Shilingi haikuanguka, bali ilibaki palepale.

Somo la kiufundi ni kwamba mashirika hayo ya kupima ukopaji yanatazama uwezo wa kukusanya na kulipa kwa miaka ijayo, wala si bei ya dola ya wiki ijayo. Usiyatumie kuamua lini ununue dola. Mara nyingi pia huchelewa: S&P iliipandisha Kenya tena hadi B Agosti 2025, mwaka mzima baada ya soko kutulia. Kwa upande mwingine, swali la kodi si la hesabu pekee. Familia iliyokwishalipa mafuta kwa Sh217 na unga kwa Sh200 haina pa kukatwa tena. Msukosuko wa nje ukilipiwa na walewale mara mbili, unageuka kuwa wa ndani.

Kila Juni soma makadirio ya mapato kwenye bajeti, kisha Januari uangalie nusu mwaka imekusanya kiasi gani. Ikipungukiwa sana, tarajia moja ya haya: bajeti ya nyongeza inayokata matumizi, kukopa zaidi ndani, au wakandarasi kukaa bila kulipwa. Hili la mwisho halitangazwi, ila ukiwa unafanya biashara na kaunti au wizara utalijua mapema kuliko mchumi yeyote.

Hatua ya 9: Ukuaji wa pato la taifa uwe wa mwisho

Magazeti huanza nao, mimi ninaumalizia. Uchumi wa Kenya ulisinyaa kwa asilimia 0.3 mwaka 2020, ukakua 7.6 mwaka 2021, 4.9 mwaka 2022, 5.7 mwaka 2023 na 4.7 mwaka 2024. Tazama hiyo 7.6 ya 2021: nchi haikutajirika ghafla, ilikuwa inarudi ilipokuwa kabla ya korona. Na tazama 2023: mwaka wa dola adimu na petroli ya Sh217 ulikua vizuri kuliko 2022, kwa kuwa mvua ilirudi na kilimo kikafufuka. Ukuaji unakuambia mwaka uliopita ulikwendaje kwa jumla. Haukuambii kama mwezi ujao utapata dola za kulipia kontena.

Hatua ya 10: Geuza daftari kuwa maamuzi

Ukiwa mwagizaji, jibu la "ninunue dola sasa?" lipatikane kwenye hatua ya 2 na ya 3, usilitafute kwenye gumzo la soko. Aliyenunua dola kwa Sh160 kwa hofu mwisho wa Januari 2024, akaziweka chini ya godoro, alikuwa amepoteza Sh31 kwa kila dola ilipofika Agosti. Nunua za mzigo ulionao, kwa awamu, na bei unayompa mteja iwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa.

Ukiwa na mkopo, soma mkataba uone kama riba inabadilika. Riba ya Benki Kuu ikianza kupanda mara mbili mfululizo, nenda benki ukaulize nyongeza itakuwa kiasi gani kabla haijakatwa. Ikianza kushuka, rudi tena uulize, maana benki hukumbuka kupandisha haraka kuliko kushusha.

Ukiwa na akiba, msukosuko ni wakati ambao dhamana za serikali hulipa zaidi, lakini pesa unayoweka humo iwe ile usiyoihitaji kabla ya muda wake kuisha. Karo ya Januari haiingii kwenye hatifungani ya miaka 8. Ukiwa mkulima, agiza mbolea mapema msimu ambao dola inayumba.

Kwa ratiba: Ijumaa, taarifa ya wiki ya Benki Kuu. Tarehe 14, EPRA. Mwisho wa mwezi, KNBS. Kila baada ya miezi miwili, riba. Februari, mkakati wa madeni. Na ukifungua ukurasa wa kwanza wa kalenda yako ya madeni, andika Februari 2028, mwezi wa kuiva kwa hatifungani iliyotolewa mwaka 2018. Sehemu yake imeshanunuliwa tena. Tafuta kwenye ripoti ya Hazina ni kiasi gani kimebaki, rudi nyuma miezi 18, na uweke alama Agosti 2026.